Kuoanisha Hedifoni na Amplifaya: Istilahi na Hesabu Yake

Kwenye visanduku vya hedifoni za studio huandikwa namba ambayo wanunuzi wengi huipita bila kuitazama: omu 32, omu 80, omu 250. Kampuni ya Kijerumani ya Beyerdynamic, kwa mfano, huuza hedifoni yake ya DT 770 Pro katika matoleo yote hayo matatu. Umbo lao ni moja, lakini anayechomeka toleo la omu 250 kwenye simu hupata sauti hafifu, hali mwenzake wa omu 32 anapata sauti ya kumtosha. Kijana wa Kibaha au Kisarawe, mkoani Pwani, anayerekodi kwaya, kaswida au singeli kwa kompyuta yake, akishajikusanyia fedha za kununua hedifoni nzuri, hukutana na swali hili mara tu anapofungua sanduku: niiunganishe na amplifaya gani?

Jibu la swali hilo limebebwa na istilahi mbili. Ya kwanza ni impedansi. Ya pili ni tendo ambalo kwa Kiingereza huitwa matching, na ambalo kwa Kiswahili wengi hulitaja haraka kama kulinganisha. Dai la makala haya ni kwamba, katika mambo ya sauti, tendo hilo linastahili kuitwa kuoanisha. Tofauti ya vitenzi hivi viwili ni tofauti ya kiufundi kabisa: anayefuata cha kwanza atachagua amplifaya isiyofaa, na anayefuata cha pili atachagua inayofaa.

Ukinzani na impedansi

Tuanze na neno ambalo Kiswahili kinalo tayari. Ukinzani ni kiasi ambacho kitu kinauzuia mkondo wa umeme usipite. Kipimo chake ni omu, kwa heshima ya Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Kanuni yenyewe ni fupi: ukitaka kujua mkondo, gawanya volti kwa ukinzani. Volti 1 ikikutana na omu 250 hupitisha miliampea 4. Volti hiyohiyo ikikutana na omu 32 hupitisha miliampea 31 hivi.

Kwa mkondo mnyoofu, ule wa betri, kanuni hiyo inatosha. Muziki, hata hivyo, husafiri kwenye waya kama mkondo geu, yaani mkondo unaobadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde. Sikio zima la kijana husikia kuanzia mara 20 kwa sekunde, ambazo ni hezi 20, mpaka hezi 20,000. Ndani ya hedifoni ya kawaida mna koili ya waya mwembamba iliyogandishwa kwenye kiwambo na kuzungukwa na sumaku. Koili hiyo ina ukinzani wa waya wake. Juu ya huo, mkondo unapogeuka geuka, koili huzalisha volti inayoupinga. Tena kiwambo kinapotikisika, koili huenda na kurudi mbele ya sumaku na kuzaa volti nyingine ambayo nayo hurudi kwenye waya. Jumla ya upinzani wote huo, kwa masafa fulani (idadi fulani ya hezi), ndiyo impedansi. Jina la asili, impedance, lilibuniwa mwaka 1886 na Oliver Heaviside, Mwingereza aliyewahi kuwa fundi wa telegrafu na aliyejifundisha mwenyewe hisabati ya umeme. Herufi yake ni Z, na kipimo chake ni omu vilevile.

Kwa kuwa vyote viwili hupimwa kwa omu, kishawishi cha kuviita vyote ukinzani ni kikubwa. Lakini ukinzani wa waya hubaki palepale, ilhali impedansi hupanda na kushuka kufuata masafa. Hedifoni ya Sennheiser HD 600, iliyoingia sokoni mwaka 1997, imeandikwa omu 300. Ukiipima kwenye hezi 100 hivi, ambako kiwambo chake hutikisika kwa wepesi zaidi, utakuta impedansi yake imepanda hadi kufikia omu 500 au hata kupita. Namba ya kwenye sanduku ni ya kutajia tu. Ukweli wote uko kwenye mstari wa grafu unaopanda na kushuka kufuata masafa. Tukiita mambo haya mawili kwa jina moja tutakuwa tumeuficha mstari huo, na baadaye tutaona kwamba ndio unaoharibu au kuokoa sauti ya ngoma. Kwa hiyo ukinzani ubaki na maana yake, na impedansi ipokewe kama tulivyozipokea volti, wati na omu zenyewe.

Hapa kuna jambo linalohusu elimu yetu. Mwanafunzi wa mchepuo wa sayansi katika Shule ya Sekondari Kibaha, shule iliyo chini ya Shirika la Elimu Kibaha lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, hukutana na herufi Z katika fizikia ya kidato cha tano na cha sita, na hukutana nayo kwa Kiingereza. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenzake wa Minaki, Kisarawe. Fundi redio wa Maili Moja, Kibaha, naye hukutana na jambo hilohilo nyuma ya kila spika, lakini kwa jina la omu peke yake. Mmoja anajua kuikokotoa, mwingine anajua madhara ya kuipuuza, kwa kuwa amezifungua amplifaya zilizoungua kwa kubebeshwa spika zenye omu chache mno. Wakiwa na istilahi moja inayoeleweka kwa wote wawili, kila mmoja anaweza kufundishwa na mwenzake.

Kulingana na kuoana

Kulinganisha ni kuvifanya vitu vilingane, viwe sawa. Kuoanisha ni kuvifanya vioane, yaani vipatane na kufaana, kila kimoja kikiendelea kuwa na hali yake. Umeme una nafasi ya matendo yote mawili, na ndiyo maana tunavihitaji vitenzi vyote viwili.

Mahali pa kulinganisha ni kwenye masafa ya juu sana. Waya wa dishi la televisheni unaoteremka ukutani ni wa omu 75, na kisimbuzi unakoishia nacho kimetengenezwa kwa omu 75. Mtambo wa redio ya FM, waya unaopanda mnarani na antena iliyo juu kwa kawaida vyote ni vya omu 50. Visipolingana, sehemu ya mawimbi hugonga mahali pa kiungo na kurudi ilikotoka, na mtambo unaweza kuharibika. Hapo usawa ndio unaotafutwa.

Kuna pia kanuni ya zamani inayofundishwa shuleni: chanzo cha umeme hutoa nguvu kubwa kabisa kinapounganishwa na mzigo ambao impedansi yake ni sawa na ya chanzo chenyewe. Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini ina gharama. Katika hali hiyo ya usawa, nusu ya nguvu yote hupotelea ndani ya chanzo kama joto. Anayeisoma kanuni hii na kuipeleka kwenye hedifoni atatafuta amplifaya ya omu 32 kwa hedifoni ya omu 32, na atakuwa amejichagulia sauti mbaya.

Mafundi wa spika za honi za misikitini na makanisani wanalijua hili kwa mikono yao. Penye mfumo wa laini ya volti 100, kila honi huwa na transfoma yake ndogo. Honi ya wati 10 kwenye laini hiyo huonekana kwa amplifaya kama mzigo wa omu 1,000. Ukiunganisha honi kumi, mzigo unakuwa omu 100 na wati zinakuwa 100. Fundi hajishughulishi kuzifanya omu hizo ziwe sawa na impedansi ya ndani ya amplifaya. Anajumlisha wati za honi zote na kuhakikisha hazizidi uwezo wa amplifaya, kisha anachagua kwenye transfoma waya wa wati unaostahili ukubwa wa eneo. Fundi huyo anaoanisha. Hedifoni na amplifaya zinahitaji kazi ya namna hiyohiyo, kwa kipimo kidogo zaidi.

Sharti la kwanza: volti na mkondo

Ili kuoanisha, tunahitaji istilahi ya tatu, ambayo hapa naiita mwitiko. Mwitiko wa hedifoni ni sauti inayotoka unapoipa nguvu ya miliwati 1, na hupimwa kwa desibeli. Ile DT 770 Pro ya omu 250 hutajwa kuwa na mwitiko wa desibeli 96. Tuseme tunataka vilele vya muziki, mipigo ile ya ghafla ya ngoma au tarumbeta, vifike desibeli 110 bila kukwaruza. Tumepungukiwa desibeli 14, na desibeli 14 ni sawa na kuzidisha nguvu mara 25. Tunahitaji basi miliwati 25.

Miliwati 25 kwenye omu 250 zinadai volti 2.5 na miliampea 10. Sasa chukua hedifoni nyingine yenye mwitiko uleule wa desibeli 96, ila ina omu 32. Nguvu inayohitajika ni ileile, miliwati 25, lakini safari hii zinadai volti 0.9 na miliampea 28. Hapa ndipo penye siri ya namba ile ya kwenye sanduku. Hedifoni ya omu nyingi hudai volti nyingi na mkondo kidogo. Hedifoni ya omu chache hudai volti chache na mkondo mwingi.

Simu nyingi, pamoja na vile vishikizo vidogo vya USB-C vya kuchomekea hedifoni, hutoa kati ya nusu volti na volti 1. Kwa hedifoni ya omu 32 hiyo inatosha au inakaribia kutosha. Kwa ile ya omu 250, volti 1 huzaa miliwati 4, nayo sauti haipiti desibeli 102. Kwa nusu volti inaishia 96. Rekodi za kisasa zilizobanwa zitasikika, lakini rekodi yenye tofauti kubwa kati ya sauti ndogo na kubwa, kama dansi la zamani lililorekodiwa studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, itakuwa hafifu, na ukipandisha hakuna akiba iliyobaki. Amplifaya ya hedifoni inayofika volti 4 au 5 inaondoa tatizo hilo bila jasho.

Lakini omu peke yake haisemi yote. Hedifoni ya HiFiMAN HE-6 ina omu 50 tu, na kwa kuitazama namba hiyo mtu angedhani simu itaimudu. Mwitiko wake ni desibeli 83.5. Ili ifike desibeli 110 inadai takriban miliwati 450, yaani volti 4.7 na miliampea 95 kwa wakati mmoja. Hiyo ni mara 18 ya nguvu inayodaiwa na hedifoni ile ya omu 250. Hedifoni za namna hii, ambazo viwambo vyake vimetandazwa njia za umeme juu yake badala ya kuwa na koili, mara nyingi huwa na omu chache na njaa kubwa ya mkondo. Kwa hiyo anayenunua asome namba mbili pamoja: impedansi na mwitiko.

Sharti la pili: impedansi ya amplifaya yenyewe

Amplifaya nayo ina impedansi yake kwenye tundu la kutolea sauti. Hii ndiyo namba inayosahaulika zaidi, na wauzaji wengi hawaiandiki. Kanuni ya mafundi wa sauti ni moja ya nane: impedansi ya amplifaya isizidi sehemu moja ya nane ya impedansi ya hedifoni. Hedifoni ya omu 32 inataka amplifaya isiyozidi omu 4. Hedifoni ya omu 250 inavumilia mpaka omu 31.

Sababu yake inarudi kwenye ule mstari unaopanda na kushuka. Volti inayotoka kwenye amplifaya hugawanywa kati ya impedansi ya amplifaya na ya hedifoni, na yenye impedansi kubwa huchukua fungu kubwa. Tuseme hedifoni ina omu 32 katika masafa mengi, lakini hupanda mpaka omu 64 karibu na hezi 100. Ukiichomeka kwenye amplifaya ya omu 2, tofauti inayosababishwa na kupanda huko ni robo ya desibeli, kiasi ambacho sikio halikitambui. Ukiichomeka kwenye amplifaya ya omu 120, sauti za hezi 100 huongezeka kwa desibeli 4.4 juu ya zile nyingine. Hakuna aliyegusa kitufe cha besi, na besi imepanda.

Namba ya omu 120 sijaiokota hewani. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61938 cha mwaka 1996 kiliipendekeza kwa matundu ya hedifoni, na amplifaya nyingi za sebuleni za miaka ya nyuma zililisha tundu la hedifoni kupitia rezista za omu mia na zaidi. Vifaa vya namna hiyo bado vinauzwa kama mtumba, na vingi vimetunzwa vizuri. Vinaoana zaidi na hedifoni za omu 300 au 600 kuliko vinavyooana na hedifoni za omu 32.

Hapa suala linagusa moja kwa moja muziki wa Pwani. Wazaramo wa Kisarawe wana mdundiko, ngoma inayochezwa kwa mwendo barabarani katika sherehe za harusi na za kumtoa mwali. Uzito wa muziki huo umo katika ngoma kubwa, ambazo sauti yake ya chini hukaa kwenye makumi ya hezi mpaka mia na zaidi kidogo. Ni palepale ambapo hedifoni isiyooana na amplifaya hudanganya. Anayechanganya rekodi ya mdundiko akiwa amevaa hedifoni ya omu 32 kwenye tundu la omu 120 atasikia ngoma zimezidi kwa desibeli 4. Kwa nia njema kabisa atazipunguza. Rekodi ikifika redioni au kwenye simu za watu, ngoma zitakuwa zimekonda, na wachezaji wenyewe watashangaa zile walizopiga zimekwenda wapi. Tunazungumzia basi uaminifu wa kumbukumbu ya sauti ya watu. Singeli nayo, na mchiriku ulioitangulia, inategemea midundo ya masafa hayohayo.

Kupima bila vifaa vya gharama

Fundi yeyote mwenye mita anaweza kuipata impedansi ya amplifaya isiyoandikwa. Cheza toni ya hezi 100 kutoka programu ya simu au kompyuta, kwa sauti ya wastani. Pima volti za mkondo geu kwenye tundu la hedifoni likiwa halijabeba kitu. Kisha unganisha rezista ya omu 33 kwenye tundu hilo na upime tena bila kugusa kitufe cha sauti. Gawanya kipimo cha kwanza kwa cha pili, toa 1, kisha zidisha kwa 33. Ikiwa mwanzo ulisoma volti 0.40 na baadaye 0.30, jibu ni omu 11. Zidisha kwa 8 upate 88: amplifaya hiyo inaoana na hedifoni za omu 90 hivi na kuendelea. Kwa hedifoni ya omu 250 ni salama, kwa ya omu 32 tafuta nyingine.

Wanaotumia hedifoni za bluetooth hawahitaji hesabu hii, kwa kuwa amplifaya imo ndani ya hedifoni na imeoanishwa kiwandani.

Jambo moja lizingatiwe na wote. Amplifaya yenye volti 5 ikiunganishwa na hedifoni nyepesi ya omu 32 inaweza kutoa sauti ya kuumiza. Kitufe kiwe chini kabisa kabla ya kuchomeka. Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, huweka kikomo cha wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Desibeli 110 za hesabu yetu ni za kilele cha kufumba na kufumbua, na wastani wa kusikiliza unatakiwa uwe chini sana ya hapo. Anayeishi kwa kuchanganya sauti hana mtaji mwingine kuliko masikio yake.

Istilahi ninazozipendekeza

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ilithibitisha kwamba sayansi ya shuleni inaweza kusemwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo inahitaji kushuka mpaka kwenye meza ya fundi na studio ya chumbani. Kwa uwanja huu mdogo napendekeza: ukinzani kwa upinzani wa waya usiobadilika kwa masafa, impedansi kwa upinzani wote dhidi ya mkondo geu, mwitiko kwa sauti inayotoka kwa kila miliwati, kulinganisha impedansi pale usawa unapotakiwa, kama kwenye waya wa dishi na antena, na kuoanisha pale kimoja kinapotakiwa kukifaa kingine bila kufanana nacho, kama amplifaya na hedifoni.

Faida ya kitenzi hiki cha mwisho itaonekana dukani. Mnunuzi akiuliza kama amplifaya inalingana na hedifoni, muuzaji anaweza kutazama namba mbili za omu, akaziona zinafanana, akasema ndiyo. Akiuliza kama zinaoana, jibu la kweli linadai mambo matatu: amplifaya inafika volti ngapi, inatoa miliampea ngapi, na impedansi ya tundu lake ni omu ngapi. Muuzaji anayeyajua matatu hayo aaminiwe. Asiyeyajua aombwe ruhusa ya kupima hapohapo, kwa mita na rezista ya omu 33.